Fundi, Fedha na Daftari: Somo kwa Kaya Zinazojenga na Kukarabati Nyumba

Katika vijiji vinne vya Kata ya Suguti, yaani Suguti, Kusenyi, Chirorwe na Wanyere, miezi inayotangulia mvua za vuli ndiyo miezi ya nyundo na msumeno. Mavuno yamekwisha kuingia ndani, waliolima pamba wamekwisha kuuza, na kaya zilizovumilia paa linalovuja tangu masika hutaka kazi ifanyike katika majuma hayo machache. Tatizo ni kwamba kaya zote huyataka majuma yale yale, na mara nyingi humtaka fundi yule yule.

Hapo ndipo adha inapoanza. Fundi ameitwa, amepima kwa futi kamba, amepokea fedha, amekuja siku mbili na kushusha bati za zamani. Siku ya tatu hakuonekana. Siku ya nne simu inaita bila kupokelewa. Siku ya tano inapokelewa: "Mama, niko njiani." Jioni inafika na njia haijamleta. Juu ya ziwa wingu limeanza kuwa jeusi, magunia ya mahindi yapo ndani chini ya turubai la kuazima, na watoto wanalala kwa jirani. Mwenye nyumba aliyefikwa na hali hiyo hapotezi fedha peke yake. Hupoteza usingizi, heshima mbele ya majirani, na wakati mwingine amani ya ndoa, kwa kuwa ndani ya kila nyumba iliyoachwa wazi kuna mtu mmoja anayemwuliza mwenzake ni nani aliyesema huyu ni fundi mzuri.

Kisa cha namna hiyo kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha tabia: fundi ni mwongo, fundi ni mlevi, mafundi wa siku hizi hawana utu. Wapo wa namna hiyo, na hakuna haja ya kuwatetea. Lakini maelezo hayo ni mepesi mno, kwa sababu fundi huyo huyo anayekimbia nyumba ya mkulima mara nyingi ndiye aliyesimamisha vizuri darasa la shule ya jirani, akamaliza kwa wakati na kukabidhi kazi mbele ya watu. Mtu ni mmoja na mikono ni ile ile. Kilichotofautiana ni utaratibu wa fedha.

Fundi wa kijijini hana mtaji. Kaya ya kwanza inapomlipa fedha nyingi mwanzoni, sehemu ya fedha hizo huenda kwenye chakula cha nyumbani kwake, ada ya mtoto, au deni la dukani. Baada ya siku chache anahitaji kumlipa saidia fundi na kununua msumeno mpya, lakini kwa kaya ya kwanza hakuna tena cha kupokea. Basi anakubali kazi ya kaya ya pili na kuchukua malipo ya awali, ili kwa fedha hizo arudi kumalizia ya kwanza. Kaya ya pili nayo inaanza kudai, hivyo inamlazimu kwenda huko siku mbili kuonyesha uso. Ya tatu inafuata. Katikati ya Septemba mtu huyo ana nyumba nne zilizo wazi, simu ambayo anaogopa kuipokea, na hana hata shilingi ya kuzimalizia. Hakukusudia kumwibia yeyote, lakini kila asubuhi anapoamua aende wapi, huelekea palipo na fedha ambayo bado hajaipokea.

Jambo hilo moja likieleweka, sehemu kubwa ya somo hili imekwisha kueleweka.

Namna kijiji chenyewe kinavyojenga

Wakazi wa Suguti hawahitaji kusafiri mbali kutafuta mfano wa kusimamia fundi. Wengi wao wamewahi kusomba mawe, mchanga na maji kwa ajili ya madarasa, maabara au zahanati, kwa kuwa ndivyo vijiji vya Musoma Vijijini vilivyozoea kujenga: nguvu za wananchi pamoja na fedha za Serikali na wadau. Pale mradi wa umma unapotekelezwa kwa kutumia mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi, huundwa kamati: moja ya manunuzi, nyingine ya mapokezi, nyingine ya ujenzi. Vifaa hununuliwa na wanaotunza fedha, si na fundi. Mfuko wa saruji unaposhushwa, yuko mtu wa kuuhesabu na kuandika. Fundi hulipwa kwa hatua: msingi, ukuta, linta, paa, umaliziaji. Hatua isipokaguliwa, hailipwi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwananchi huyo huyo aliyekaa kwenye kamati ya mapokezi ya shule, akahesabu nondo moja moja na kukataa mifuko mitatu iliyoganda, akirudi nyumbani kwake humkabidhi fundi fedha zote mkononi na kumwambia akanunue vifaa mwenyewe Musoma mjini. Labda ni kwa sababu mali ya umma ina macho mengi, na nyumba ya mtu ina haya. Kuhesabu mifuko mbele ya fundi nyumbani huonekana kama kumtukana. Haya hiyo ndiyo inayogharimu kaya nyingi, na haina msingi, kwani fundi mwenye kazi safi hufurahi vifaa vikihesabiwa. Siku mfuko mmoja utakapopungua, hatakuwa yeye wa kwanza kushukiwa.

Kaya inaweza kuwa na kamati yake ndogo bila kuiita hivyo. Mmoja atunze fedha, mwingine apokee vifaa na kuviandika daftarini. Kwa mjane, au kwa mama ambaye mume wake yuko ziwani au mjini, inafaa jirani au ndugu anayeaminika awe shahidi wa mapokezi. Si kwamba mwanamke hawezi kusimamia ujenzi. Wapo wanaosimamia vizuri kuliko waume zao. Ila baadhi ya mafundi wana desturi mbaya ya kumjibu mwanamume wa pembeni hata pale mwenye fedha ni mama aliyesimama mbele yao. Dawa ya desturi hiyo ni kwamba malipo yatoke mkononi mwa mama mwenyewe, mbele ya shahidi, kila hatua.

Malipo ya hatua

Chukuliwe mfano wa kuezeka upya nyumba ya vyumba vitatu, ambapo ufundi umekubaliwa kuwa Sh. 400,000, vifaa vikinunuliwa na mwenye nyumba. Tarakimu ni za mfano tu, bei hutofautiana. Siku ya kuanza fundi apewe Sh. 40,000 za posho na maandalizi. Kenchi na papi zikikamilika na kukaguliwa, apewe Sh. 140,000. Bati zikipigwa zote pamoja na kofia, apewe Sh. 160,000. Sh. 60,000 zilizobaki zilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita bila tone kuonekana ndani.

Kwa mpango huo, asubuhi yoyote fundi anapoamka, katika nyumba hiyo daima kuna fedha anayoidai kuliko kazi aliyoiacha. Sehemu ya mwisho, ile inayosubiri mvua, si uvumbuzi wa vijijini. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi mwajiri huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe. Kinachofaa kwa barabara na hospitali hakiwezi kuwa dharau kwa paa la mkulima. Hata hivyo fundi aelezwe mapema, kabla ya kupanda ngazi. Kuzuia fedha ambayo haikutajwa mwanzoni ni dhuluma, hata kama paa linavuja.

Kujua kiasi cha kazi na kiasi cha vifaa

Mwenye nyumba asiyejua hesabu yoyote ya ujenzi hawezi kumsimamia mtu. Hahitaji kuwa mwashi. Vipimo vichache vinatosha.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo tatu ya nyingine. Zege la sakafu na linta la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne lina maana kwamba mfuko mmoja unachanganywa na mchanga ndoo tatu na nusu, na kokoto ndoo saba. Mchanganyiko huo hutoa zege la kiasi cha sehemu ya sita ya mita moja ya ujazo. Kwa hiyo sakafu ya chumba cha mita 3 kwa mita 3, yenye unene wa sentimita saba na nusu, inahitaji mifuko minne hadi mitano. Fundi akiagiza mifuko kumi kwa chumba hicho, aulizwe. Akisema miwili inatosha, aulizwe pia, tena kwa ukali zaidi, kwa maana sakafu hiyo itapukutika kabla ya mwaka kwisha.

Tofali za saruji za inchi sita nazo zina hesabu. Mfuko mmoja ukitoa kiasi cha tofali 30 hadi 35, tofali hizo zina nguvu inayoeleweka. Mtu anayejisifu kupata 50 au 60 kwa mfuko anauza mchanga uliopakwa rangi ya saruji.

Mchanga wa mtoni na wa ufukweni hutofautiana usafi. Jaribio lake ni rahisi: mchanga kidogo utiwe ndani ya chupa angavu, maji yajazwe, chupa itikiswe kwa nguvu kisha iachwe itulie kwa saa chache. Mchanga hukaa chini na udongo hujipanga juu yake kama tabaka. Tabaka hilo likiwa nene, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Bati hupimwa kwa geji, na hapa wengi hudanganyika, kwa kuwa namba huenda kinyume na matarajio: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Anayeuza geji 32 kwa bei ya geji 28 hana haja ya kusema uongo mwingi. Hutegemea tu mteja aamini kwamba 32 ni zaidi. Maandishi yaliyochapwa kwenye bati yasomwe dukani kabla ya kulipa, na stakabadhi iandike geji.

Kisha kuna maji. Hapa lawama nyingi zinazomwangukia fundi ni za mwenye nyumba. Zege na lipu huhitaji kubaki na unyevu kwa muda usiopungua siku saba ili saruji ikomae. Fundi humwaga zege na kuondoka, na kumwagilia huachiwa kaya. Katika msimu wa jua kali, maji yakichotwa mbali, kumwagilia husahaulika kuanzia siku ya pili. Nyufa zikitokea, fundi ndiye anayetajwa. Iandikwe daftarini nani atamwagilia, na mara ngapi kwa siku.

Nani aitwe fundi

Ushahidi bora wa fundi ni kazi yake iliyopita masika mawili. Nyumba mpya huonekana nzuri kwa kila mtu. Nyumba iliyonyeshewa miaka miwili haina uwezo wa kuficha jambo. Mwenye nyumba aende aone, na amwulize mwenye nyumba hiyo maswali mawili tu: alimaliza lini ikilinganishwa na ahadi, na alipoitwa kurekebisha kasoro alirudi? Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Wapo mafundi wazuri wanaochelewa. Fundi asiyerudi hafai hata akiwa na haraka.

Cheti kina nafasi yake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwatahini na kuwatunuku vyeti mafundi kwa ngazi, na ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi mtaani kwa kumfuata fundi mkubwa bila kuingia darasani. Mafundi wengi wa kata wamejifunza kwa njia hiyo, na wenye mikono mizuri wangefaidika kwa kupimwa, maana cheti humfungulia mtu milango ya kazi za mbali na kwao.

Suala la nani aruhusiwe kujiita fundi halijaisumbua Tanzania peke yake. Ujerumani, ambako kwa miaka mingi fundi alilazimika kufaulu mtihani wa umahiri kabla ya kufungua karakana yake, iliondoa sharti hilo mwaka 2004 kwa aina 53 za ufundi ili kupanua ajira. Mwaka 2020 sharti likarudishwa kwa aina 12, wakiwemo watandika vigae. Kama nchi yenye urasimu wa kiwango hicho bado inageuza uamuzi wake, mwenye nyumba wa Wanyere hana budi kutumia macho yake pia.

Kazi moja tu haina mjadala, nayo ni umeme. Kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni kazi ya leseni, inayotolewa na EWURA chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Tangu umeme wa REA ulipofika vijijini, wamezuka vijana wanaounganisha soketi kwa kujifunza kwa macho, na baadhi yao wanafanya kwa bei ya chakula cha mchana. Rangi ikipakwa vibaya hupakwa tena. Waya usio na ulinzi wa ardhi, uliopitishwa juu ya kenchi zilizoliwa na mchwa, hausubiri kurekebishwa. Leseni ya fundi umeme iombwe, isomwe jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, kabla ya ukuta kuchimbwa.

Ukurasa mmoja wa daftari

Wapo wanaodhani kwamba mkataba ni kitu cha mjini, chenye mhuri na wakili. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata makubaliano ya mdomo kati ya watu wenye hiari na akili timamu, kwa malipo halali na kwa jambo halali, ni mkataba. Ugumu wake ni kuuthibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ujenzi maneno hayo ni halisi kabisa. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha, ukiandikwa hivi:

"Leo tarehe fulani, mwenye nyumba na fundi, majina na namba za simu zimeandikwa hapa, wamekubaliana: fundi ataondoa bati za zamani, atapiga kenchi na papi mpya, na kuezeka bati 48 za geji 28 zilizonunuliwa na mwenye nyumba. Kazi itaanza Jumatatu na kumalizika ndani ya siku 14. Malipo ni Sh. 400,000 kwa hatua nne kama zilivyoorodheshwa. Saidia fundi atalipwa na fundi. Chakula cha mchana kitatolewa na mwenye nyumba. Vipande vya mbao na bati za zamani ni mali ya mwenye nyumba. Kazi ikiongezeka, bei mpya itaandikwa hapa kabla ya kuanza. Sehemu ikivuja katika mvua ya kwanza, fundi atarekebisha bila malipo mapya."

Zifuate saini mbili na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa ikiwezekana mwenyekiti wa kitongoji. Sentensi ya mbao na bati za zamani inaweza kuchekesha, lakini magomvi mengi ya siku ya mwisho huanzia kwenye rundo hilo. Na sentensi ya kazi kuongezeka humlinda fundi zaidi ya mwenye nyumba. Desturi ya "fundi, ukimaliza hapo nisaidie na kibaraza" ni njia ya kumfanyisha mtu kazi ya siku tatu bila ujira, na fundi aliyefanyiwa hivyo hujilipa kwa njia yake, kwa kawaida kutoka kwenye saruji.

Mgumu kuliko wote ni fundi ndugu. Shemeji ni mwashi, na kumwita mwingine ni kuleta maneno ukweni. Kumwandikia mkataba kunaonekana kama kumkana, kumkaripia hakuwezekani. Matokeo yake ni ukuta uliopinda ambao kila mtu anauona na hakuna anayeutaja, ila watoto. Njia ya heshima ni kumkabidhi mzee mmoja wa familia usimamizi wa kazi hiyo, ili timazi na pima maji viwekwe ukutani na mtu anayeweza kusema, "Shemeji, hapa pamelala," bila kuvunja undugu. Kama hakuna mzee wa namna hiyo, ni afadhali shemeji ashirikishwe katika kumchagua fundi mwingine, na kuombwa kuikagua kazi yake. Wengi hukubali, na hukagua kwa ukali mkubwa.

Mambo yanapoharibika

Fundi akitoweka, hatua ya kwanza ni kutathmini kazi iliyokwisha kufanyika kabla mtu mwingine hajaigusa. Fundi wa pili akianza kabla ya tathmini, hakuna tena anayeweza kusema wa kwanza aliacha nini. Picha zipigwe, vifaa vilivyobaki vihesabiwe, na mashahidi waitwe. Kisha fundi aitwe rasmi kupitia mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji wa kijiji, apewe siku ya kurejea. Mara nyingi wito huo unatosha, kwa kuwa fundi anayetegemea kazi za kata hataki jina lake lisomwe katika ofisi hiyo.

Usuluhishi ukishindikana, dai la fedha litokanalo na mkataba linaweza kufunguliwa katika mahakama ya mwanzo, na sheria inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Ukurasa wa daftari ndio utakaosomwa. Kukimbilia polisi ni kosa la kawaida. Kuchelewa au kushindwa kumaliza kazi ni suala la madai, si jinai. Huwa jinai pale mtu alipojipatia fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano aliyejitambulisha kwa leseni isiyo yake, au aliyechukua fedha za bati kwa kuonyesha stakabadhi ya kughushi.

Haki hizo hizo ni za fundi pia. Zipo kaya ambazo hukaribisha fundi kwa chai na maandazi, humwita baba siku zote za kazi, na paa likishakamilika hugundua kasoro mpya kila siku ya malipo. Fundi aliyemaliza hatua yake kama ilivyoandikwa anaweza kumwita mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti yule yule, kwa daftari lile lile, na kudai ujira wake.